Madaftari ya Maveterani Waliohamia Majimbo ya Mbali: Mapitio ya Huduma za Bure Zinazosomeka Kutoka Mwanza

Huduma tatu za mtandaoni zisizotoza ada, yaani Internet Archive, FamilySearch na mkusanyo wa magazeti ya zamani wa Maktaba ya Bunge la Marekani, zinamwezesha mtu aliyeko Mwanza kusoma kumbukumbu za vyama vya maveterani wa Vita ya Wenyewe kwa Wenyewe ya Marekani, iliyopiganwa kuanzia 1861 hadi 1865. Nimezitumia kwa lengo moja mahsusi, ambalo ni kutafuta vyama vilivyoundwa na askari ambao, baada ya vita kwisha, hawakubaki katika majimbo yaliyowaandikisha jeshini bali walihamia mbali na kufungua matawi yao ugenini. Mapitio haya yanazipima huduma hizo kwa lengo hilo tu.

Lengo lenyewe limetokana na mahitaji ya hapa nyumbani. Mimi hutunza nyaraka za kikundi cha wanajeshi wastaafu wanaoishi maeneo ya Igoma na Buhongwa, na wengi wao si wazaliwa wa Mwanza. Wapo waliotoka Tarime na Musoma, wapo wa Bukoba, wapo wa Kasulu na hata wa Songea. Walipigana vita ya Kagera ya 1978 hadi 1979 wakiwa vijana, wakastaafu, wakapata viwanja na kujenga pembezoni mwa jiji. Rejista yao ya kwanza ilikuwa na jina, namba ya simu na ada iliyolipwa, basi. Mzee anapofariki na familia ikaja kuuliza habari za utumishi wake ili ziingie katika wasifu wa marehemu utakaosomwa siku ya mazishi, rejista ya namna hiyo haina la kuwaambia. Nilitaka kuona waliotangulia katika jambo hili waliandika nini kuhusu mwanachama aliyetoka mbali.

Chama kikubwa kuliko vyote vya aina hiyo kilikuwa Grand Army of the Republic, kilichoanzishwa na Benjamin Stephenson mjini Decatur, jimbo la Illinois, Aprili 1866, kwa ajili ya askari wa upande wa Muungano, yaani wa serikali ya shirikisho na majimbo ya kaskazini, walioachishwa jeshi kwa heshima. Kilikuwa na matawi yenye namba katika miji na vijiji, uongozi wa jimbo juu ya matawi, na uongozi wa taifa juu ya majimbo. Mwaka 1890 kilikuwa na wanachama 409,489. Kwa kuwa uanachama haukurithiwa na mtoto wala mjukuu, kila msiba ulikuwa pengo lisilozibwa. Mkutano mkuu wa mwisho wa taifa ulifanyika Indianapolis mwaka 1949, na mwanachama wa mwisho, Albert Woolson, alifariki mjini Duluth, Minnesota, mwaka 1956. Naamini kwamba kujua mapema kuwa chama kitakwisha pamoja na wanachama wake ndiko kulikowafanya makatibu wa matawi wawe waangalifu kiasi kile katika uandishi wao.

Uhamaji wa maveterani hao ulisukumwa kwa sehemu kubwa na ardhi. Sheria ya 1862 ilimpa mtu nafasi ya kupata ekari 160 za ardhi ya serikali ya shirikisho kwa sharti la kukaa na kulima kwa miaka 5, na sheria ya 1872 ikamruhusu veterani kuhesabiwa muda wa utumishi wake wa kijeshi kama sehemu ya miaka hiyo, mradi awe ameishi katika shamba lake angalau mwaka mmoja. Kwa hiyo Kansas, Nebraska na Dakota zilijaa wanaume waliokuwa wamevaa sare za Ohio, Illinois, Indiana, Iowa na Wisconsin. Nebraska ilipata hadhi ya jimbo mwaka 1867, vita ikiwa imekwisha, na yenyewe ilikuwa imetoa askari wapatao 3,000 tu. Karibu kila veterani aliyehudhuria kikao cha tawi huko alikuwa mgeni aliyetokea jimbo lingine.

Hapo ndipo Internet Archive inapostahili sifa kubwa. Miongoni mwa vitabu vyake vilivyopigwa skani zimo orodha zilizochapishwa na serikali ya Nebraska katika miaka ya 1890, zinazowataja askari, mabaharia na wanamaji wa zamani waliokuwa wakiishi katika jimbo hilo. Jambo la kusisimua ni mpangilio wake. Hazikupangwa kwa wilaya za Nebraska wala kwa alfabeti ya majina tangu mwanzo hadi mwisho, bali kwa jimbo ambalo mtu alilitumikia vitani, na ndani ya jimbo kwa rejimenti, yaani kikosi alichokuwamo. Ukifungua sehemu ya Illinois unakutana na wanaume wa rejimenti moja ambao sasa wanachukua barua zao katika posta zilizotawanyika kotekote Nebraska. Mtu aliyepotezana na mwenzake wa kombania kwa miaka 25 angeweza kutazama ukurasa mmoja na kujua kwamba rafiki yake anaishi mwendo wa siku mbili kwa gari la farasi. Orodha ya aina hii inamrudisha mhamiaji katika kundi lake la asili bila kumwondoa mahali alipohamia, na sijaona rejista yoyote ya chama hapa kwetu iliyopangwa hivyo.

Huduma hiyo ina pia taarifa zilizochapishwa za mikutano mikuu ya mwaka ya ngazi za majimbo na taifa. Humo kuna idadi ya matawi, hesabu za fedha za misaada, majina ya waliofariki mwaka huo, na mara nyingine tawi na rejimenti ya kila marehemu. Kitabu kilichokwisha haki ya uchapishaji kinapakuliwa bila kufungua akaunti, na msomaji anaweza kuchagua kati ya picha za kurasa na matini tupu. Ushauri wangu kwa anayetumia bando la simu ni kuchukua matini kwanza, kwa sababu faili lake ni jepesi sana likilinganishwa na lile la picha, kisha arudi kwenye picha za kurasa chache anazozihitaji. Lakini matini hayo hutengenezwa na programu inayotambua herufi, na programu hiyo haizielewi vizuri kurasa zenye safu wima. Jina huungana na cheo cha mtu wa mstari wa juu, namba ya rejimenti hugeuka herufi, na katika orodha kama ile ya Nebraska kasoro hii inaweza kumhamisha mtu kutoka jimbo moja kwenda lingine. Asiyelinganisha matini na picha ya ukurasa atanukuu makosa.

FamilySearch ni huduma ya aina nyingine. Inaendeshwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, makao yake yako Salt Lake City, na kuitumia kunahitaji akaunti ambayo haina malipo. Nguvu yake iko katika maandishi ya mkono: madaftari halisi ya matawi, yaliyopigwa picha kwanza katika mikanda ya filamu na baadaye kuhamishiwa mtandaoni. Si majimbo yote yaliyomo, wala si matawi yote ya jimbo lililomo, na baadhi ya picha hufunguka tu ukiwa katika vituo vya kanisa hilo au maktaba zilizoingia nalo ubia. Hata hivyo, tawi moja ambalo daftari lake limekamilika linafundisha kuliko taarifa kumi za mikutano mikuu.

Daftari lenye thamani kubwa kuliko yote ni lile la maelezo ya wanachama. Makao makuu ya chama yalitoa vitabu vyenye safu zilizokwisha kuchapwa, katibu akajaza kwa kalamu. Kila mwanachama aliandikiwa umri, mahali alipozaliwa, mahali anapoishi, kazi yake, tarehe aliyoingia jeshini, cheo alichoanza nacho, kombania na rejimenti, tarehe na cheo alichoondoka nacho, muda wa utumishi, sababu ya kuachishwa, na siku aliyopokewa katika tawi. Ukisoma mstari mmoja kutoka kushoto kwenda kulia unamwona mtu aliyezaliwa Ujerumani au Ayalandi, akaandikishwa Wisconsin, akaachishwa kwa jeraha, na sasa ni fundi seremala katika mji wa Kansas ambao haukuwapo wakati alipokuwa vitani. Uhamaji wake wote umeandikwa, na katibu hakulazimika kutunga hata sentensi moja.

Nilimwonyesha ukurasa kama huo mzee mmoja wa kikundi chetu, sajini mstaafu aliyetoka upande wa Serengeti, nikamfasiria safu moja baada ya nyingine. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza, "Mwanangu, kwa hiyo hata kazi anayofanya mtu uraiani iliandikwa?" Nikamjibu, "Ndiyo, Afande, na sababu ya kuondoka jeshini pia." Akasema rejista yetu ifutwe ianzwe upya, naye akawa wa kwanza kutaja kombania yake, kamanda wake na mahali alipokuwa siku Kampala ilipoanguka, Aprili 1979.

Thamani ya madaftari haya huonekana zaidi mtu anapojua kilichopotea kwingineko. Mwaka 1890, pamoja na sensa ya kawaida, serikali ya Marekani iliandaa orodha maalumu ya maveterani wa Muungano na wajane wao. Sensa yenyewe iliharibiwa kwa sehemu kubwa na moto uliotokea Washington Januari 1921, na ile orodha ya maveterani imebaki kwa majimbo yanayoanzia karibu nusu ya Kentucky kwenda mbele kwa mpangilio wa alfabeti. Ya majimbo yaliyotangulia, kuanzia Alabama hadi Kansas, karibu yote haipo. Hii maana yake ni kwamba California, Colorado na Kansas, ambazo zilipokea wahamiaji wengi mno, ziko katika upande uliopotea. FamilySearch inayo sehemu iliyobaki, nayo inatafutika vizuri kwa jina. Kwa Kansas kuna nafuu ya pekee, kwa kuwa sensa ya jimbo hilo ya 1885 iliuliza mtu alitokea wapi alipohamia Kansas na ikaandika utumishi wake wa kijeshi. Kwingineko daftari la tawi ndilo linalobaki kuwa shahidi, na likiwa bado limefungiwa katika kabati la jengo la kaunti bila kupigwa skani, hakuna huduma ya mtandaoni itakayomsaidia msomaji wa Mwanza.

Mkusanyo wa magazeti wa Maktaba ya Bunge, unaojulikana kama Chronicling America, nitautaja kwa ufupi kwa sababu unajieleza. Humo limo The National Tribune, gazeti la Washington lililoanza kutoka mwaka 1877 likiwalenga maveterani, ambalo lilichapa barua zao na matangazo ya kutafutana. Mhamiaji aliyetaka kumpata mwenzake wa rejimenti aliandika huko. Magazeti ya miji midogo nayo yalitoa taarifa za vikao vya matawi. Utafutaji wa maneno ni mzuri kuliko nilivyotarajia kwa magazeti ya umri huo, ila usitafute kwa jina la tawi peke yake. Matawi yalipewa majina ya watu waliokwisha kufariki, hasa askari, na kwa kuwa kila jimbo lilitaka kumuenzi Lincoln, rais wa wakati wa vita, matokeo yatakuzidi. Weka jina la tawi pamoja na la mji.

Nilizijaribu huduma zote tatu kwa mifano ya makazi yaliyoanzishwa rasmi kwa ajili ya maveterani kutoka kwingine. Mji wa Fitzgerald, Georgia, ulianzishwa mwaka 1895 kwa mpango wa Philander Fitzgerald, mhariri wa gazeti la maveterani mjini Indianapolis, aliyewatafutia wenzake waliochoshwa na ukame na baridi ya majimbo yao ardhi katika eneo lililokuwa la adui miaka 30 kabla. Barabara zake zilipewa majina ya majenerali wa pande zote mbili za vita. Mji wa St. Cloud, Florida, ulianza mwaka 1909, wakati kampuni ya Seminole Land and Investment ilipowauzia maveterani wa kaskazini viwanja. Barabara zake nyingi zina majina ya majimbo walikotoka wakazi, na jengo la tawi lao lipo hata leo. Kwa miji hii miwili magazeti yana habari tele, Internet Archive ina vitabu vya wastani, nayo madaftari ya matawi ni haba. Wa upande wa pili wa vita wapo pia: askari wa Shirikisho la Kusini waliohamia Chicago na New York walikuwa na vyama vyao katika miji hiyo, na wale wa Chicago walizindua mnara katika makaburi ya Oak Woods mwaka 1895. Lakini chama chao cha kitaifa, United Confederate Veterans, kilichoanzishwa New Orleans mwaka 1889, kinapatikana zaidi kupitia jarida na taarifa za mikutano kuliko kupitia rejista za matawi.

Kuna eneo moja ambalo msomaji wa Afrika atataka kulijua, nami nililifuatilia kwa bidii zaidi ya mengine. Watu weusi wapatao 179,000 walilitumikia jeshi la Muungano, na kutoka 1877 na kuendelea maelfu ya watu weusi walihama kutoka kusini kwenda Kansas, kwanza wale wa Kentucky walioanzisha mji wa Nicodemus, kisha wimbi kubwa la 1879 kutoka Mississippi, Louisiana na Tennessee. Baadhi yao walikuwa maveterani. Chama cha Grand Army of the Republic kiliwapokea kwa kanuni, ingawa katika miji mingi walikuwa na matawi yao peke yao, na suala la kuwatenga katika uongozi tofauti kwa majimbo ya Louisiana na Mississippi lilifikishwa katika mkutano mkuu wa Detroit mwaka 1891, ambao ulilikataa. Mjadala huo umechapishwa na unastahili kusomwa wote.

Tatizo ni kuwapata wanachama hao katika huduma hizi. Faharasa za majina hazioneshi rangi ya mtu, na jina la tawi halitoshi kukuambia nani alikaa humo. Njia iliyonifanikisha ni safu ya rejimenti. Rejimenti nyingi za askari weusi ziliandikwa kwa herufi U.S.C.T. (United States Colored Troops, yaani askari weusi wa Marekani), na katibu aliyezijaza herufi hizo mbele ya jina alikuwa, bila kukusudia, ameacha alama ambayo mtafiti wa leo anaweza kuifuata kutoka Kansas kurudi hadi kambi ya Kentucky au Tennessee ambako mtu huyo aliandikishwa, na pengine hadi shamba alikotoka akiwa mtumwa. Safu hiyo ikiachwa wazi, mtu huyo anabaki jina tu miongoni mwa majina. Kwa sababu hiyo naipa FamilySearch nafasi ya kwanza licha ya mapengo yake.

Kwa upande wa gharama na mazingira, huduma zote tatu hufanya kazi vizuri kwa mtandao wa kawaida wa simu, isipokuwa kwamba picha za FamilySearch huchukua muda kufunguka na hula bando haraka. Nashauri zisomwe kwa kompyuta, kwa kuwa safu za daftari hazitoshi katika kioo cha simu. Lugha ya nyaraka ni Kiingereza, na mwandiko wa karne ya 19 unahitaji mazoezi. Vifupisho vya majimbo na vyeo hujirudia, hivyo ukishatambua kurasa chache za katibu mmoja zinazofuata huwa rahisi. Kuhusu uchapishaji, duka moja la stesheni katikati ya mji liliuchapa ukurasa wa daftari katika karatasi ya A4, safu zikawa finyu hata miwani haikusaidia. Omba A3, na uulize bei kabla.

Anayeanza asikimbilie majina. Maktaba ya Bunge imeweka mtandaoni mwongozo wa nyaraka za Grand Army of the Republic, wenye orodha ya matawi kwa kila jimbo, namba zake na miji yake. Na shirika la Sons of Union Veterans of the Civil War lina mradi wa kuorodhesha matawi na mahali kumbukumbu zake zilipohifadhiwa. Tambua tawi kwanza, ndipo utafute kitabu chake. Kinyume chake utapata majina yanayofanana kwa mamia, usijue yupi ni wako.

Kikundi chetu kimeshachora safu za rejista mpya kwa kufuata daftari lile la maelezo, tukiongeza kijiji cha kuzaliwa, mkoa wa kuandikishwa na mwaka wa kuhamia Mwanza. Hatutaipeleka mtandaoni kwa sasa. Maveterani wa Nebraska na Kansas wote wamekwisha kufariki, lakini wazee wetu wako hai, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inadai ridhaa na uangalifu katika kushughulikia habari za mtu. Nakala moja inakaa kwa katibu, ya pili kwa mwenyekiti, na kila mzee anatia sahihi mstari wake mwenyewe baada ya kusomewa.